Nilivyobadilisha sproketi ya pikipiki mpaka Aayo Qabale akanishtaki kwa kukimbiza maziwa

Jumanne, tarehe 11 mwezi wa nane, 1981. Upepo tangu alfajiri, vumbi jekundu mpaka ndani ya kopo la sukari. Jua kali, wingu hakuna.

Wakuu, salaam aleikum kwa wale wa salaam, na habari zenu nyinyi wengine.

Maneno hayo ya juu nimeyatoa kwenye daftari yangu ya zamani. Nina hiyo tabia tangu ujana, kuandika tarehe na hali ya hewa, halafu siku nyingine nakosa kitu cha kuongeza. Siku hiyo nilikuwa nacho.

Nitaeleza vile ilivyokuwa. Pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Ndani ya hii habari kuna watu ambao hawako hapa jukwaani kujitetea, kwa hivyo nitajaribu kila mmoja apate haki yake, hata yule aliyenitukana. Shule niliishia darasa la saba, na sikuimaliza vizuri, kwa hivyo mkiona nimepotea njiani mnivumilie.

Naona vijana wanaulizana hapa kuhusu kubadilisha sproketi, lile gurudumu la meno linalovuta cheni, ili pikipiki iondoke na nguvu. Wengine wanajibu "weka ndogo mbele, umemaliza." Ni kweli. Lakini si kweli yote, na hiyo iliyobaki ndiyo karibu ininyang'anye kazi.

Wakati huo nilikuwa nakaa Isiolo, upande wa Chechelesi, mimi na mke wangu Kanana na mtoto mmoja wa kubebwa. Sisi ni Wameru, tulishuka kutoka milimani kutafuta maisha. Nilikuwa na pikipiki ndogo ya Kijapani, cc sabini, niliyonunua kutoka kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anahama. Taa ilikuwa inawaka ikitaka. Saa ya kuonyesha spidi ilikuwa imekufa kabla hatujajuana.

Hiyo spidi mita iliyokufa muiweke akilini. Ingekuwa hai, nisingekuwa na uzi wa kuandika.

Kazi yangu ilikuwa kubeba maziwa ya ngamia. Kila asubuhi natoka town, napita kizuizi cha polisi, nafika Ngare Mara, nasonga mbele kidogo njia ya kwenda Gotu, mpaka manyatta ya Waborana, yale maboma yao ya wafugaji. Pale wanawake wanakamua, maziwa yanakusanywa kwa mikebe miwili ya chuma, naifunga huku na huku nyuma ya pikipiki, narudi nayo sokoni kabla jua halijaamka sana.

Mkubwa wa hao wanawake alikuwa mama mmoja mrefu, mwembamba, anaitwa Aayo Qabale. Aayo kwa Kiborana ni mama. Yeye ndiye alikuwa anaamua nani anabeba. Wengine wote maziwa yao yalikuwa yanafuata ya kwake. Ukikosana naye umekosana na ngamia wote wa upande ule.

Na nyumbani kwangu hakukuwa na kazi ingine. Hiyo tu.

Sasa shida ilikuwa mchanga. Kati ya Ngare Mara na manyatta kuna laga, ile mito mikavu, na laga ni mchanga wa kuzama. Kwenda nikiwa sina mzigo nilikuwa napita. Kurudi na mikebe miwili imejaa, pikipiki ilikuwa inaingia katikati ya mchanga, inakohoa, inazima. Nashuka. Nasukuma huku naendesha, klachi inanuka kama kwato limechomwa. Nikitoka ng'ambo mimi na maziwa hatujui nani ametokwa jasho zaidi.

Nikapeleka hiyo shida kwa Saidi.

Saidi alikuwa fundi karibu na msikiti. Babu yake, Msomali, alikuja Isiolo na jeshi la Mwingereza, wajomba wake walikuwa na malori, lakini yeye malori hakuyapenda, alisema ni kubwa sana huwezi kuyashika yote kwa macho. Alipenda pikipiki. Alinisikiliza, akachuchumaa, akafungua kifuniko cha upande wa kushoto na kunionyesha sproketi ya mbele.

"Warya, hii iko na meno kumi na nne," akasema. "Tuweke ya kumi na mbili. Jino moja mbele ni kama matatu nyuma. Itapanda ukuta."

Nikamwuliza hasara ni nini. Maana kila kitu kiko na hasara.

Akasema top speed itashuka kidogo. Nikasema mimi na maziwa hatuna haja na top speed. Tukakubaliana. Hapo hakuna aliyemdanganya mwingine.

Kazi yenyewe haikuchukua muda. Alilegeza gurudumu la nyuma, akatoa bolti mbili na kile kibati kinachoshika sproketi, akachomoa ya zamani, akaingiza ndogo. Cheni ikawa ndefu, akavuta gurudumu nyuma mpaka ikakaza. Akaniambia nijaribu.

Wakuu, iliondoka kama imechomwa sindano.

Kesho yake nikaingia laga na mikebe imejaa, gia ya kwanza, pole pole, puu puu puu, nikatoka ng'ambo nimekaa. Sikushusha hata mguu. Niligeuka nyuma kuangalia mchanga, nikauhurumia.

Kama ningeishia hapo, huu uzi ungekuwa wa mistari mitatu na wa faida kwa wote.

Lakini utamu ulinipanda kichwani, na Saidi naye, kwa haki, ulimpanda vile vile. Siku chache baadaye alipata sproketi ya nyuma kutoka kwa pikipiki moja ya shamba, pana kama sahani ya pilau. Matundu yake hayakulingana na yangu. Akayatanua kwa tupa. Kifuniko cha cheni kikawa hakiingii tena, tukakitoa. Cheni ikawa fupi, tukaiunga kipande. Sikumbuki ni nani kati yetu alisema "tuweke". Nimejaribu kukumbuka miaka mingi. Nafikiri tulisema pamoja.

Sasa hapo pikipiki ikawa kitu kingine.

Gia ya kwanza ilikuwa inaisha kabla sijatoka nje ya boma. Ya pili inaisha kwa jirani. Nikifika kwa duka la kona nimeshamaliza gia zote, mguu wangu bado unatafuta ingine chini pale, haiko. Na injini inalia. Si kulia kwa kawaida. Inalia kwa sauti nyembamba, ya juu, iiiiiii, kama nyuki laki moja wameudhiwa. Na mimi niko juu yake natembea, upepo hata kofia hautoi.

Lakini kwa mchanga! Kwa mchanga ilikuwa trekta. Hiyo lazima niiseme, nisije nikaionea.

Dalili ya kwanza niliipata nyumbani. Kanana alikuwa na desturi, akisikia pikipiki yangu inakuja anaweka chai motoni ili niikute tayari. Sasa akawa anasikia mlio mkubwa, anaweka chai, chai inachemka, inachemka, inakauka, mimi sijafika. Siku ya tatu akaniuliza, akiwa ameangalia pembeni, kati ya pale ninaposikika na nyumbani naingiaga kwa nani.

Nikamwambia siingii kwa mtu. Niko njiani.

"Njia gani hiyo," akasema, "ya kusikika leo ufike kesho?"

Dalili ya pili ilikuwa kwa kizuizi. Askari mmoja wa pale alikuwa akinisikia kutoka mbali anatoka kibandani, anasimama katikati ya barabara, anainua mkono. Mimi naja. Yeye mkono uko juu. Mimi bado naja. Anabadilisha mkono. Mwisho anaketi kwa jiwe. Nikifika ananisomea habari ya kukimbia ovyo, na mimi nimesimama mbele yake bila hata kushika breki. Nilijaribu kumweleza mambo ya sproketi. Akasema nisimletee Kizungu. Simlaumu. Sikio lake lilimwambia kitu kimoja na macho yake yalikuwa yamechoka kungoja.

Sasa tufike kwa hiyo Jumanne ya upepo.

Nilifika manyatta kama kawaida, nikasalimia. Wanawake wakaitikia, lakini salamu zao zilikuwa fupi. Mikebe ilikuwa imejaa, wakaniacha niifunge. Nikawasha, nikazima tena, maana Aayo Qabale alikuwa amekuja akasimama mbele ya gurudumu. Sikuona fimbo, mikono ilikuwa imekunjwa tu.

Akasema maziwa yamerudi yakiwa na lalamiko. Siku nne mfululizo wanunuzi wa town wanasema yamechachuka, yana povu juu kama sabuni. Akasema yeye anajua sababu. Kuna Land Rover ya mfanyabiashara mmoja inayopita pale kutoka Gotu, mwenyewe ameshaomba mzigo. Kuanzia kesho atapewa.

Nikamwuliza sababu yenyewe ni gani.

"Wewe unakimbiza maziwa yangu," akasema. "Zamani ulikuja pole pole. Sasa unakimbia kama mwizi wa mbuzi. Maziwa inapigwa huko ndani mpaka inakasirika."

Nikamwambia sikimbii. Nikamwambia kusema kweli niko pole pole kuliko zamani.

Wanawake wakacheka. Hata mimi ningekuwa upande wao ningecheka.

"Mimi niko na masikio," akasema Aayo Qabale.

Hapa lazima nisimame niwaeleze kitu, maana hakuwa mjinga hata kidogo. Hao watu wanafuga ngamia, na ngamia anavalishwa kengele ya mti shingoni. Mfugaji anakaa mahali, hamwoni ngamia, yuko nyuma ya vichaka huko, lakini anajua. Kengele ikigonga taratibu, anakula. Ikigonga kwa mpango, anatembea. Ikigonga haraka haraka, anakimbia, na inuka uende ukaone ni fisi au ni nini. Maisha yake yote huyo mama alikuwa amepima mwendo kwa sikio, na sikio halijawahi kumpotezea ngamia. Sasa anisikie mimi nalia iiiiii kutoka Ngare Mara, aamini nini kingine?

Spidi mita ndiyo hiyo imekufa. Basi nikasema kitu bila kufikiri. Nikasema tupimane.

Pale kando alikuwepo Lokwang, Mturkana mmoja mchangamfu aliyekuwa anauza mkate kwa baiskeli kubwa nyeusi, sanduku la mkate nyuma. Alikuwa ameinama anakaza kamba. Nikamwambia Aayo Qabale tushindane na Lokwang kwa ule uwanja wa barabara ulionyooka. Kama mimi nakimbia kama mwizi wa mbuzi, baiskeli ya mkate haiwezi kunishika.

Lokwang akajinyoosha. "Mzee, unataka nikushinde mbele ya wanawake?"

Nikamwambia ndiyo, tafadhali.

Aayo Qabale alifikiri, akaona mtego. Akasema mtu anayetaka kuonekana pole pole anaweza kujifanya pole pole. Ataminya mafuta kidogo tu.

Hoja nzuri sana. Mimi mwenyewe sikuwa nimeiona. Upepo ukatupiga na mchanga, mpaka yeye mwenyewe akapata jibu. Akasema atasikiliza. Ule mlio anaousikia kila siku, huo huo ndio anautaka. Mimi nitaanza mbali, nikifika mlio wenyewe atainua mkono, na hapo ndipo Lokwang ataanza kukanyaga, sambamba na mimi. Mlio ukishuka hata kidogo, nimehukumiwa.

Nikakubali. Nikaomba kitu kimoja tu, kwamba Lokwang asitoe mikate, abaki na mzigo wake kama mimi. Lokwang akasema mikate si mzigo, ni hewa. Tukamwacha.

Mwanamke mmoja akauliza na haya maziwa yaliyofungwa kwa pikipiki, si yanapata jua? Aayo Qabale akamjibu bila kugeuka. "Maziwa ya leo ni ya kesi."

Basi nikaenda mbali, nikageuza, nikaja. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, zimeisha. Nikaminya mpaka mwisho, na wakuu, niliminya kweli, kifundo cha mkono kiliniuma siku mbili. Mlio ukapanda. Aayo Qabale akainua mkono. Lokwang akasimama juu ya pedali.

Akanipita.

Akanipita akiwa ameinama, shuka limejaa upepo kama puto, sanduku la mkate linagonga gonga. Alipofika sambamba na mimi akaniangalia usoni, na sikuona dharau, niliona huruma. Halafu akaenda.

Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilifika baadaye, nikiwa na furaha ya ajabu, furaha ya mtu aliyedhalilishwa vizuri.

Hapo kesi ingekuwa imekwisha. Mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini mimi nina ugonjwa, na huo ugonjwa Kanana anaujua. Niliangalia lile shuka la Lokwang, nikaona bado limejaa, na upepo uko nyuma yetu. Nikasema.

Nikasema, Aayo, kwa haki, upepo ulikuwa unamsukuma huyu. Labda turudie tukielekea upande ule mwingine.

Lokwang akanishika bega. "Umeshinda kwa kushindwa," akaninong'oneza. "Nyamaza, rafiki."

Lakini lilishatoka. Tukageuza. Mkono ukainuliwa, mimi mlio, yeye pedali, upepo safari hii unatupiga usoni na mchanga wake wote. Shuka la Lokwang likageuka kuwa breki. Nikamwacha. Si sana, urefu wa ngamia wawili watatu, lakini nilimwacha, na nilisikia kule mbele vigelegele havikuja.

Nilipofika, Aayo Qabale alikuwa anatikisa kichwa. Akasema sasa hajui. Mara ya kwanza baiskeli, mara ya pili pikipiki. Akasema baiskeli ni kitu cha town, haijui mwendo wake wa kawaida ni gani, na huyu Lokwang hata leo anaweza kuwa ameshiba au ana njaa. Akasema yeye atapima na kitu anachokijua.

Akaenda nyuma ya boma akarudi anamvuta ngamia dume kijana, mrefu, ana kengele ya mti shingoni, ananitazama kwa juu ya pua kama mkopeshaji.

Nikaanza kusema kuhusu upepo.

"Nyamaza," akasema Aayo Qabale. "Ngamia hajui upepo."

Mpango ukawa ule ule. Naja na mlio, mkono unainuka, ila huo mkono ulikuwa unashuka pia, kwa makalio ya ngamia. Sikujua hiyo sehemu. Ngamia naye hakuijua.

Alitoka kama jengo linaloanguka upande mmoja. Miguu kila mmoja na safari yake, shingo mbele, kengele inagonga kokokokokoko, na mimi kando yake naminya mpaka mwisho, iiiiiii. Kwa muda mfupi tulikuwa sambamba. Nakumbuka goti lake lilikuwa karibu na uso wangu na nilifikiria mtoto wangu. Halafu goti likaenda mbele, halafu mkia, halafu vumbi. Nikabaki na vumbi. Kengele yake naisikia inaenda mbali, inakuwa ndogo, na mlio wangu uko pale pale, haujaenda popote.

Nilipotoka kwenye vumbi nilimwona Aayo Qabale amefunga macho.

Alikuwa anasikiliza vyote viwili. Baadaye aliniambia hivyo. Alisikia ngamia anakimbia, kengele anaijua, na alisikia mlio wangu unabaki nyuma ya kengele. Ndipo akafungua macho, akaniangalia kwa mara ya kwanza siku hiyo kama mtu na si kama shida.

"Kumbe hii kitu haikimbii," akasema. "Inapiga kelele tu, kama inakimbia."

Nikasema ndiyo Aayo. Hiyo ndiyo nilikuwa natafuta kusema.

Wanawake walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Wengine wawili walienda kumfuata ngamia, ambaye wakati huo nafikiri alikuwa anakaribia Gotu.

Nikaanza kufunga kamba vizuri, nimeachiliwa. Lakini mama huyo alikuwa bado anafikiri, nilimwona. Akaniuliza kama sikimbii, basi maziwa yanachachuka kwa nini?

Na jibu nilikuwa nalo. Wakuu, niseme ukweli, nilikuwa nalo siku kadhaa, lakini halikuwa limenijia kama jibu, lilikuwa limekaa tu kichwani kama kiti. Zamani nilikuwa nafika sokoni jua likiwa changa. Siku hizi nafika limeshapanda. Maziwa yanapikwa njiani, na ule mtetemo wa injini unayapiga povu. Si mbio iliyoyaharibu. Ni kuchelewa.

Ningeweza kusema ni joto la mwezi wa nane. Hakuna ambaye angebisha. Nilimwangalia ile mikono yake imekunjwa, nikafikiria Kanana, nikafikiria Land Rover ambayo haichelewi, halafu nikaeleza kila kitu. Sproketi ya mbele, sproketi ya nyuma, sahani ya pilau, mimi na Saidi, wote. Nikasema Land Rover itafika mapema kuliko mimi, hiyo sipingi.

Lokwang aliweka mkono usoni.

Aayo Qabale akafungua mkebe mmoja, akaonja kwa kidole, akatema. Maziwa ya kesi yalikuwa yamekwisha kuharibika, akaamuru yaliyo nafuu tuyanywe pale pale. Tukanywa, mimi, Lokwang, wanawake, kikombe kimoja kinazunguka. Yalikuwa makali lakini mazuri. Halafu akasema, sitasahau, akiwa anapangusa mdomo:

"Hiyo sahani ya nyuma utoe leo. Ile ndogo ya mbele ubaki nayo, usikwame kwa mchanga. Kesho uje mapema."

Nikamwuliza na Land Rover?

"Ile Land Rover iko na mbio," akasema. "Lakini mimi sikai nayo njiani. Mtu anatoka hapa na maziwa yangu, kati ya hapa na town kuna visima. Wewe umeshinda kesi ukautetea upepo. Wewe huwezi kuniwekea maji."

Simsemi vibaya mwenye ile Land Rover, sijawahi kusikia aliongeza maji mahali popote. Ni vile tu mama alivyosema.

Jioni hiyo hiyo nilienda kwa Saidi. Alitoa ile sahani, akarudisha sproketi yangu ya nyuma, akakata kile kipande cha cheni. Nilimsimulia yote. Alicheka sehemu ya ngamia, na hakunilipisha kazi ya kutoa. Sikumwomba hivyo, na bado sina uhakika ilikuwa haki, maana kosa lilikuwa letu sote wawili. Nilibeba hayo maziwa miaka mitano zaidi, mpaka pikipiki yenyewe ikachoka.

Sasa funzo, kama lipo, vijana wa sproketi. Punguza meno mawili mbele, jaribu, halafu kaa nayo. Usiongeze sahani nyuma kwa sababu imekuja bure. Nguvu ya kuondoka unainunua kwa mwendo, na mwendo ukiisha, utagundua ulikuwa unauhitaji. Na kabla hujamwambia mtu hujui unachosikia, muulize amejifunza kusikiliza wapi.

Labda nimekosea mahali. Kama kuna fundi hapa anayejua hesabu ya meno kuliko Saidi, anisahihishe. Na kama kuna mtu wa Ngare Mara au Gotu aliyewahi kusikia hii kwa upande wa mama yake, aiweke hapa chini, nitafurahi kuisoma hata kama mimi ndiye ninachekwa. Nitakaa hapa kusoma kila jibu, ila naandika kwa kidole kimoja, msiniharakishe.

Jioni ile nilifika nyumbani kwa mwendo wa zamani na mlio wa zamani. Kanana, aliyeshazoea ule mlio mkubwa, hakunisikia, alishtuka tu niko mlangoni, na chakula kilikuwa kimeshaiva. Tulikula ugali na kunde, na vipande vitatu vya nyama ya mbuzi alivyotupatia jirani, mtoto akapewa mchuzi.